Vizuri Sana, Mwalimu

Mume wangu alipoajiriwa kufundisha chuoni, katikati ya mwaka wa 2007, walimpa mlezi. Hilo jina si langu, ni lao wenyewe. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni, nepi zimejaa kwenye kamba na jiko la mafuta linatoa moshi, kwa hivyo kulea nilikuwa nakujua. Niliposikia kwamba mwanamume mwenye ndevu na digrii mbili amepewa mtu wa kumlea, nilicheka mpaka mtoto akaamka, halafu nikakasirika kwa sababu mtoto ameamka.

Akanieleza. Idara yao ya kilimo ilikuwa na watu kutoka kila pembe ya Kenya, na manung'uniko hayakuisha: huyu amepandishwa cheo kwa sababu ya kwao, yule amenyimwa kwa sababu ya kwao. Basi mkuu wa idara, mama mmoja asiyependa mchezo, akaamua kwamba kila lekchara mpya atashikwa mkono na mkongwe mmoja, na huyo mkongwe lazima awe wa kabila lingine. Mlezi angeingia darasani, akae nyuma kabisa na wanafunzi, asikilize, kisha amwambie kijana ukweli wake. Mkataba wa kwanza ukikaribia kuisha, kamati ingemsikiliza mlezi na kuwasikiliza wanafunzi, halafu ingeamua kama kijana abaki au afungashe.

Mume wangu ni mtu wa Magharibi mwa Kenya. Alipewa mzee wa Dundori, mtu wa kwetu. Kabila sitaji. Mwaka uliofuata tulitaja vya kutosha.

Huyo mzee alikuwa amefundisha mambo ya udongo tangu kabla mimi sijazaliwa. Jumamosi alikuwa akilima viazi vyake mwenyewe, na kofia ya sufu haikumtoka kichwani hata jua likiwaka vipi. Siku ya kwanza alipokuja kwetu Lanet, nje kidogo ya Nakuru, alitua gunia la viazi mlangoni, akaketi, na kabla sijamwekea chai akaanza.

"Kijana, nimekaa darasani kwako leo."

"Ndiyo, Profesa."

"Unajua matangazo ya vifo redioni? Yule anayeyasoma ana furaha kukushinda."

Mume wangu akakuna ndevu.

"Na ule ubao, mmeoana? Saa nzima unaongea na ubao. Wanafunzi huku nyuma wanakula njugu. Mmoja amenigawia."

Nilikimbilia jikoni nisionekane nikicheka. Mzee alipoondoka, mume wangu alikuwa amevimba kama mandazi. Akasema huyo mzee ana mdomo mchafu, hajui kuongea na watu, aende akalee ng'ombe. Lakini wiki iliyofuata nilimwona amesimama mbele ya kabati anafundisha kabati, akigeuka, akiuliza maswali, akimnyooshea mtoto kidole: "Wewe, huu udongo unashika maji au haushiki?" Akaanza kubeba udongo kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, wanafunzi waushike kwa mikono. Mzee akarudi na matusi mengine, akavimba tena, akajirekebisha tena. Kufikia mvua za Novemba wanafunzi walikuwa wanamsalimia stendi wakitaka kuendeleza hadithi za udongo, na mimi nimesimama pale na mtoto na mboga, nanyeshewa.

Halafu ikawa uchaguzi, na baada ya uchaguzi ikawa Januari.

Sitaieleza Januari. Nitasema mambo mawili tu kwa sababu bila hayo hamtaelewa. Ndugu ya mume wangu, aliyekuwa akiuza nguo za mitumba mjini, alifukuzwa na watu wanaoongea lugha yangu. Akarudi kwao Magharibi juu ya lori, hana hata begi. Na dada ya yule mzee akafika Dundori kutoka pande za Molo na godoro kichwani na wajukuu wamemshika sketi, amefukuzwa na watu wengine. Sisi huku Lanet, karibu na kambi ya jeshi, hakuna aliyetugusa. Majirani walikuja tu, wakanivuta kando kuniuliza kama niko salama na yeye, kisha wakamvuta yeye kando kumuuliza kama yuko salama na mimi. Chai yangu wakanywa.

Chuo kikafunguliwa kwa kuchelewa. Na mlezi wetu akarudi mtu mwingine kabisa.

Alikuwa anaingia darasani, anakaa nyuma, na mwisho anamshika mume wangu mkono kwa mikono yote miwili. "Vizuri sana, mwalimu." Basi. Lile neno "kijana" lilikuwa limepotea. Wiki ikipita, "Vizuri sana, mwalimu. Una bidii." Nyumbani alikuja akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu wa kuuza bima. Akasifu chai. Akasifu mtoto. Akasifu pazia, na lile pazia lilikuwa limechanika. Viazi vikaongezeka, maneno yakapungua. Nilikuwa na viazi chini ya kitanda, viazi bafuni, viazi vimeanza kuota macho vinaniangalia nikioga.

Nakuru nzima ilikuwa hivyo miezi hiyo. Kila mtu alikuwa na adabu ya mtu anayebeba sufuria ya maji moto. Kwenye posho mill, watu waliokuwa wakikanyagana mwaka jana sasa ni "tangulia mama", "hapana, tangulia wewe", na unga haujasagwa. Buchani mtu alikuwa anauziwa mfupa mtupu na anasema asante. Ilinichosha. Ningependelea mtu anikanyage na aniambie pole ya kweli.

Na mume wangu, bila mtu wa kumfokea, akarudi kwa ubao wake.

Mimi sikuwa darasani, sikujua. Nilijua siku mkuu wa idara alipomwita ofisini. Akamwambia wanafunzi wamekuja kwake, wanasema hawamsikii, hawamwelewi, anaongea na ukuta. Akamwambia pia kwamba mlezi wake anasema ni mzuri sana, na kwamba kamati inakaa mwisho wa mwezi, na pande hizo mbili haziwezi zote kuwa zinasema kweli.

Alifika nyumbani akatupa begi kwenye kiti.

"Ni ukabila tu."

"Nini?"

"Wanafunzi. Wengi wao ni watu wa kwenu."

Kwenu. Ndani ya nyumba yangu, mbele ya mwiko wangu.

"Kwetu ni wapi, Baba Toto? Kwetu ni hapa, nyumba ya kupanga, na choo kinavuja."

"Unajua ninachosema."

"Sijui. Sema mpaka mwisho."

"Mlezi wangu amesema vizuri sana. Profesa mzima. Na hata yeye ni wa kwenu. Sasa nani mwongo?"

Nilijua nani mwongo. Lakini ningefungua mdomo ningekuwa mtu wa kwetu anayetetea watu wa kwetu. Nikageuza ugali kwa nguvu mpaka mwiko ukavunjika.

Watu walidhani nilikuwa naogopa njaa. Njaa ninaijua, siiogopi hivyo. Hii kazi ikiisha, tungeenda wapi sisi watatu? Kwao Magharibi walikuwa wameshatuma neno kwamba kijana wao aje, mtoto aje, mimi ningoje kwanza mambo yapoe. Kwetu Dundori walisema vilevile, wakamgeuza tu anayengoja. Lanet ndiyo ilikuwa sehemu pekee duniani ambapo mimi, yeye na mtoto tungeweza kukaa kwenye meza moja. Na Lanet tulikaa kwa sababu ya ile kazi. Sasa ilikuwa inaondoka kwa sababu ya adabu.

Kesho yake nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda chuoni.

Kwenye korido ya idara nilisikia kelele kabla sijafika. Ilikuwa mlango wa mzee mwingine, Mhindi ambaye familia yao ina duka la vifaa vya ujenzi mjini. Yeye alikuwa mlezi wa dada mmoja mdogo kutoka Garissa, aliyemwita beti, yaani binti.

"Hawajaelewa, beti! Nimekaa pale, hawajaelewa!"

"Wameelewa! Wewe ndiye hukusikia, uliacha hearing aid nyumbani!"

"Nimeacha kwa sababu unapiga kelele!"

Nilisimama pale nikawaonea wivu. Hao wawili Januari haikuwagombanisha, hakuna aliyefukuza ndugu ya mwenzake, kwa hivyo walikuwa bado wanaweza kutukanana. Sisi wengine hiyo bahati tulikuwa tumeimaliza.

Mzee wetu akanikaribisha kwa mikono miwili, akanitolea kiti, akafunga mlango.

"Mwanangu. Mtoto amekua! Vizuri sana."

"Profesa, mume wangu anafundisha vizuri?"

"Ana bidii sana."

"Mzee. Mimi si kamati."

Akavua ile kofia ya sufu. Sikuwa nimewahi kuona kichwa chake. Kilikuwa na upara mdogo, kama wa mtoto wangu alipozaliwa.

"Nimwambie nini?" akasema polepole kwa lugha ya kwetu, kisha akakumbuka, akarudi kwa Kiswahili, kana kwamba hata mimi nilikuwa wa kuogopwa. "Nikimwambia anafundisha vibaya, atasikia nini? Atasikia mzee wa upande huu anamwambia aende kwao. Ndugu yake aliambiwa hivyo na watu wenye mdomo kama wangu. Lafudhi ni hii hii."

"Kwa hivyo utanyamaza mpaka afukuzwe?"

"Kamati nitaiambia ni mzuri."

"Na wanafunzi wameshaiambia ni mbaya. Watasema unamfunika. Yeye naye atasema wanafunzi ni wakabila. Watoto wa watu, Profesa, wataitwa wakabila kwa sababu hawakusikia somo."

Akapapasa kofia.

"Jumapili uje ule kwetu," nikamwambia.

"Nitaleta viazi."

"Usilete viazi!"

Nilisema kwa sauti mpaka kule mlango wa pili wakanyamaza kidogo.

Jumapili nikapika kuku. Sasa, kuku kwa watu wa mume wangu si nyama tu. Kila kiungo kina mwenyewe, na firigisi ni ya mwanamume anayeheshimiwa. Mwanamke haigusi. Siku yangu ya kwanza kwenye jiko la mama mkwe, kabla hajanionyesha chumvi iko wapi, alinionyesha firigisi na kuniambia hii hata kuionja kama imeiva huwezi, muulize jirani mwanamume.

Nikaipakua juu kabisa, ikae peke yake kama mfalme, nikaweka sahani katikati yao. Mume wangu akaichukua kwa kijiko akamwekea mzee.

"Profesa, hii ni yako."

"Hapana, mwalimu. Hii ni ya mwenye nyumba."

"Wewe ni mkubwa wangu."

"Mimi ni mgeni tu. Tafadhali."

Ikarudi. Ikaenda tena. "Siwezi, mzee." "Nitakosa adabu, mwalimu." Chapati zinapoa, mtoto anavuta kitambaa cha meza, na ile firigisi inasafiri kutoka sahani hii mpaka ile, kila mmoja anatabasamu kwa meno tu. Nikaangalia. Nikaona kama hivi ndivyo walivyokuwa wakifanya tangu Februari, ila safari hii kinachorudishwa nilikuwa nimekipika mimi.

Nikanyoosha mkono, nikaichukua, nikaitia mdomoni.

Nilitafuna. Firigisi ni ngumu, mtu hawezi kuimeza haraka hata akitaka.

"Wewe!" Mume wangu alisimama. "Umekula firigisi?"

"Nimekula. Ilikuwa inapoa."

"Mbele ya mgeni! Huna haya? Umelelewa wapi? Kitu kidogo namna hii, umeambiwa, umefundishwa, unajua kabisa, na unafanya makusudi! Mama akisikia..."

Akaendelea. Alinifokea vizuri sana, kwa sauti iliyotoka tumboni, na alikuwa akinitazama usoni muda wote. Sikuwa nimemsikia akiongea hivyo tangu mwaka jana. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nilidhani amepaliwa. Alikuwa anacheka.

"Umemaliza?" nikamwuliza mume wangu.

"Sijamaliza!"

"Sasa ona. Mimi ni mtu wa kwetu, si ndiyo? Na umenikosoa mbele ya mgeni, sijafa, wala sijasema ni ukabila. Nimekosea, umeniambia. Huyu mzee je? Ili akukosoe mpaka umpikie ng'ombe?" Nikamgeukia mzee. "Profesa, sema. Ukisema tena vizuri sana nakumwagia huu mchuzi."

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kicheko kikaisha.

"Umerudi kwa ubao," akasema. "Tangu tufungue umefundisha vibaya. Si vibaya kidogo. Nimekaa pale nyuma nikitazama dirisha, naona aibu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

"Mimi?"

"Siku tuliyofungua ulinitazama kama mtu anayetaka kuniuliza nilikuwa wapi."

"Nilitaka kukuuliza."

"Basi uliza."

Mume wangu akaketi. "Ulikuwa wapi walipomfukuza ndugu yangu?"

"Nyumbani. Nimefunga mlango. Dada yangu analia sebuleni, na vijana wanapita barabarani, wengine nimewafundisha. Ningetoka niwaambie waache. Sikutoka." Akaweka kitambaa mezani. "Hilo ndilo jibu. Sina lingine zuri."

Mtoto akapanda mguu wa mzee akaanza kumvuta kifungo, na mzee akamwacha.

"Nikigeuka," mume wangu akasema, akiangalia sahani, "nawaona wamekaa makundi mawili, wameacha njia katikati. Hawa nadhani wananichukia. Hawa wanataka niwachukie wale. Nikiuliza swali, wa huku akijibu wa kule wanacheka. Ubao peke yake ndio hauniangalii."

"Hilo hukuniambia."

"Uliuliza? Ulisema vizuri sana!"

Wakaanza kupiga kelele. Kelele hasa, meza inagongwa. Nilikuwa nimezitaka hizo kelele miezi yote, na zilipokuja nikagundua kwamba sizipendi. Kwa sababu mzee akishafunguliwa hafungiki. Aliendelea mpaka kwenye mwandiko wa mume wangu, jinsi anavyovuta suruali akifikiri, ile mifano yake ya mahindi wakati nusu ya darasa inatoka kwa wafugaji. Nikasema, "Profesa, basi, inatosha," akaniambia, "Wewe tulia, umeshakula firigisi." Nikachukua sahani zangu nikaenda kuziosha kwa hasira, na walikuwa hawajamaliza hata chapati.

Nilichosikia kutoka jikoni ni hiki: mzee alisema hilo darasa litolewe nje. Chumba kina kushoto na kulia, shimo halina. Wanafunzi wachimbe shimo kwenye shamba la chuo, wasome udongo tabaka kwa tabaka ukutani mwa shimo, na majembe ni machache, kwa hivyo lazima wapokezane. Mume wangu akasema watagombana. Mzee akasema wagombane kuhusu udongo.

Wiki hiyo aliporudi viatu vilikuwa vya kutupwa. Nilivisugua nikilalamika, naye alikuwa anaongea nyuma yangu bila kupumua: fulani aliteleza akaanguka ndani, fulani wa upande ule akamvuta, wakabishana kama tabaka la jivu la volkano linaanzia wapi mpaka wakasahau kukaa mbalimbali. Si wote. Wengine walisimama kando na mikono mfukoni mpaka mwisho. Lakini alikuwa amesimama ndani ya shimo, na ndani ya shimo huwezi kuwapa watu mgongo, wako pande zote. Mzee alikaa juu ya lundo la udongo na kofia yake, akamkatiza mara kwa mara mbele ya watu wote.

Kamati ikakaa. Mzee akaingia akawaambia ukweli: kwamba kijana alifundisha vibaya nusu ya muhula, kwamba amebadilika, na kwamba kosa la ile nusu ni lake mlezi, kwa sababu alimsifu kwa woga. Wengine kwenye meza ile, nasikia, waliangalia kalamu zao. Mkuu wa idara akauliza kama kuna mlezi mwingine aliyekuwa akisema vizuri sana. Kalamu zikaangaliwa tena.

Wakampa mume wangu mwaka mmoja. Hawakumthibitisha kazini, walimwongezea mwaka tu, waangalie. Na mzee wakamtoa kwenye mpango wa walezi, kwa kudanganya idara.

Nilipoambiwa niliwaka. Wote walikuwa wamedanganya, kila mmoja wao, idara nzima ilikuwa inasifiana kama matangani, na aliyeadhibiwa ni yule mmoja aliyekiri. Nilitaka kurudi chuoni na mtoto mgongoni. Mume wangu akasimama mlangoni akanizuia, akasema nikienda huo mwaka mmoja pia watauchukua. Hilo lilikuwa kweli, na lilinikasirisha zaidi. Nikaketi. Mwaka ni mwaka. Kwa mwaka mtoto angejua kuongea, na Magharibi na Dundori labda wangechoka kungoja mambo yapoe.

Muhula mpya ulipoanza wakampa mlezi mwingine, bwana mmoja mpole sana wa Ukambani. Wiki ya kwanza haijaisha, mume wangu akaingia nyumbani amevimba, akapiga kiti teke.

"Yule mzee amekuja tena. Amekaa nyuma. Hakuna mtu aliyemtuma!"

"Halafu?"

"Halafu somo likiisha akasimama mbele ya wanafunzi wote na mbele ya mlezi wangu mpya, akaanza."

"Alisema nini?"

"Siwezi kurudia mbele ya mtoto."

Nikampeleka mtoto kwa jirani, nikarudi nikavuta kiti.